Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuratibu Kazi na Vikumbusho kwenye Kompyuta ya Ofisini

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wenye kompyuta chache katika duka, ofisi ndogo, shule au zahanati ya Dar es Salaam, ambao hawana fundi wa kudumu na wangependa kazi fulani zijifanye zenyewe kwa saa zilizopangwa. Maelezo mengi yanahusu Windows kwa kuwa ndiyo iliyoenea maofisini. Wenye Linux na Mac wana jibu lao kuelekea mwisho. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili msomaji asipate taabu ya kuyatafuta.

Kuna tofauti gani kati ya kazi iliyoratibiwa na kikumbusho?

Kikumbusho humwambia mtu afanye jambo. Kazi iliyoratibiwa hufanywa na kompyuta bila kumngoja mtu. Mwenye duka la vipuri Kariakoo anayetaka faili za mauzo zinakiliwe kwenye diski ya nje kila jioni anahitaji kazi iliyoratibiwa, kwa sababu hatua zake ni zilezile leo na kesho. Mwenye duka huyohuyo akitaka kuwasilisha ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anahitaji kikumbusho, kwa sababu kabla ya kuwasilisha lazima mtu mwenye akili zake akague hesabu na akubali kuwajibika kwazo. Jambo linalohitaji uamuzi au saini lisiachiwe mashine, hata kama kuna programu inayodai kuliweza.

Je, ni lazima ninunue programu?

Si lazima. Windows huja na programu iitwayo Task Scheduler, na babu yake alikuwepo tangu mwaka 1995 ndani ya kifurushi cha nyongeza cha Windows 95. Ilifumuliwa na kusukwa upya katika toleo la Vista, na sura hiyo ndiyo tunayoiona hadi leo. Ili kuifungua, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika taskschd.msc, kisha bonyeza Enter. Programu za kulipia zipo na baadhi yake zina sura ya kupendeza zaidi, lakini kwa ofisi ndogo sijaona sababu ya kutoa fedha kabla ya kuitumia kikamilifu ile ambayo tayari imo ndani ya kompyuta.

Niliiandikia kompyuta saa 2 na haikufanya chochote asubuhi. Kwa nini?

Kwa sababu saa 2 ya kompyuta si saa 2 yetu. Hili ndilo kosa linaloongoza, na linawapata hata watu waliozoea kompyuta kwa miaka mingi, hasa pale bosi anapotoa maagizo kwa mdomo na karani anayaingiza kama alivyoyasikia. Saa 2 asubuhi ni 08:00 kwenye kompyuta. Ukiandika 02:00, umepanga kazi ifanyike saa 8 usiku, wakati ofisi imefungwa na swichi ya ukutani imezimwa.

Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza sita kupata saa ya kompyuta. Kuanzia saa 1 usiku hadi kabla ya saa 6 usiku ongeza kumi na nane, na kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri punguza sita. Kwa mifano inayotumika zaidi: saa 1 asubuhi ni 07:00, saa 6 mchana ni 12:00, saa 10 jioni ni 16:00, saa 1 usiku ni 19:00, saa 5 na nusu usiku ni 23:30, na saa 11 alfajiri ni 05:00. Ni vyema kuibadilisha saa ya skrini isomeke kwa saa 24, kwa sababu herufi za AM na PM huwapotosha wengi karibu na saa 6, ya mchana na ya usiku.

Tatizo la pili limejificha kwenye tarehe. Kwetu, usiku wa Ijumaa unaendelea kuitwa usiku wa Ijumaa hadi watu walale, lakini kompyuta hubadilisha siku ifikapo 00:00, yaani saa 6 usiku kamili. Mtu akisema kazi ifanyike Ijumaa saa 7 usiku baada ya kufunga hesabu, kompyuta inapaswa kuandikiwa Jumamosi 01:00. Ukiiandikia Ijumaa 01:00, itafanya kazi hiyo karibu saa 24 kabla, na nakala utakayoipata haitakuwa na mauzo ya Ijumaa. Njia rahisi ya kuepuka mkanganyiko huu ni kutopanga kitu chochote kati ya 00:00 na 05:00 isipokuwa pana sababu ya msingi.

Kwenye orodha ya kanda za saa sioni Dar es Salaam. Nichague nini?

Kwenye Windows chagua mstari unaosomeka (UTC+03:00) Nairobi. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia saa zilezile, na Tanzania haisogezi saa mbele wala nyuma kwa misimu. Anayetumia Linux ataiona Africa/Dar_es_Salaam kwa jina lake.

Kuwa makini na kompyuta za mtumba zinazoingia kutoka Ulaya na Marekani. Nyingi hufika zikiwa na kanda ya kule zilikotoka, na muuzaji hurekebisha saa kwa mkono ili ionekane sawa na ya ukutani, bila kuigusa kanda. Kila kitu huonekana salama hadi nchi ile inapobadilisha saa zake za kiangazi. Asubuhi moja kompyuta hujisogeza kwa saa nzima na kazi zako zote zinasogea nayo.

Kila umeme ukikatika, saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma. Je, ratiba zitafanya kazi?

Hazitafanya, au zitafanya kwa siku isiyo yake. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032, ambayo kazi yake ni kuiwezesha saa kuendelea kutembea wakati mashine haina umeme. Ikichoka, saa huanza upya kutoka tarehe ya kiwandani. Dalili nyingine ni kivinjari kukataa kufungua tovuti za benki kikilalamika kuhusu vyeti vya usalama, na mtu akadhani intaneti ndiyo mbovu. Betri hiyo hupatikana kwa mafundi wa kompyuta na hata kwa wauza saa. Baada ya kuibadilisha, iache kompyuta ijipangie saa kutoka kwenye intaneti.

Umeme ukikatika wakati kazi ilipangwa kufanyika, nini hutokea?

Bila maelekezo ya ziada, kazi hiyo hurukwa. Kompyuta ikiwashwa tena baada ya saa moja haitajisumbua kuikumbuka. Itangoja zamu inayofuata. Kwa Dar es Salaam hili pekee linatosha kuifanya ratiba iliyopangwa vizuri isiaminike, na kwa hiyo mpangilio wa kwanza ninaomshauri kila mtu aubadilishe uko ndani ya Task Scheduler, kwenye kichupo cha Settings cha kazi husika, kwenye sentensi isemayo "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed". Weka tiki hapo. Kazi iliyokosa zamu yake itafanyika mara tu mashine itakapopata nafasi.

Kwenye kichupo cha Conditions kuna tiki nyingine ambayo tayari imewekwa na ambayo watu wachache huiona: inaitaka kompyuta ianze kazi pale tu inapotumia umeme wa ukutani, na inaisimamisha kazi ikihamia kwenye betri. Kwa kompyuta mpakato maana yake iko wazi. Kinachoshangaza wengi ni kwamba kompyuta ya mezani iliyounganishwa na UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika) kwa waya wa USB nayo huihesabu UPS kama betri yake. Umeme ukikatika katikati ya kunakili faili, UPS inafanya kazi yake vizuri, lakini Windows inaisimamisha kazi kwa sababu iliambiwa isiifanye ikiwa kwenye betri. Ikiwa UPS yako ina nguvu ya kutosha kumaliza kazi hiyo, ondoa tiki. Kama imechoka na inashikilia dakika mbili tu, iache.

Tiki ya "Wake the computer to run this task" huamsha kompyuta iliyolala, si iliyozimwa. Baadhi ya kompyuta zina mpangilio wa kujiwasha zenyewe umeme unaporudi, lakini huo huwekwa kwenye menyu inayofunguka kabla ya Windows, na inafaa kumwita fundi kama hujawahi kuingia humo.

Nianze na kazi gani ili nijifunze?

Anza na kuzima kompyuta. Ni kazi isiyo na hatari kubwa, matokeo yake yanaonekana kwa macho, na inaokoa uniti za LUKU katika ofisi ambazo mashine huachwa zikiwaka hadi kesho yake kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake atazizima.

Fungua Task Scheduler, bofya Create Task, na uipe kazi jina linaloeleweka, kwa mfano "Zima kompyuta ya mapokezi". Kwenye Triggers chagua kila wiki, weka Jumatatu hadi Ijumaa, na saa 18:30, yaani saa 12 na nusu jioni. Kwenye Actions andika shutdown kama programu, na kwenye nafasi ya Add arguments andika /s /t 600. Namba 600 ni sekunde, kwa hiyo kompyuta itatoa onyo na kungoja dakika kumi kabla ya kuzima. Aliyebaki ofisini akimalizia barua atafungua dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika shutdown /a, na uzimaji utafutwa. Wafundishe wenzako amri hiyo ya kufuta kabla hujaiwasha kazi yenyewe, la sivyo siku ya kwanza utapata lawama.

Kazi yoyote mpya ijaribiwe mchana kweupe kwa kubofya Run ukiwa umekaa mbele ya skrini. Ikifanikiwa mbele yako, bado iangalie inavyojianzisha yenyewe mara kadhaa kabla ya kuisahau.

Nawezaje kupanga nakala rudufu za kila siku?

Windows ina amri iitwayo robocopy, iliyotengenezwa mahsusi kwa kunakili folda nzimanzima. Unaiambia folda ya chanzo, folda ya kupokelea, na masharti machache. Sharti /E hunakili pamoja na folda zilizo ndani ya folda. Sharti /Z humwezesha mwenye faili kubwa kuendelea kutoka pale nakala ilipokatikia.

Sharti /MIR ndilo la kuogopwa. Hulifanya folda la nakala lifanane kabisa na la chanzo, maana yake faili ulilolifuta kwa bahati mbaya ofisini litafutwa na kwenye nakala jioni ileile. Wengi hulinakili kutoka kwenye mafunzo ya mtandaoni bila kujua wamekubali nini. Kwa hesabu za biashara ni salama zaidi kuwa na folda tofauti kwa kila siku ya wiki, Jumatatu hadi Jumamosi, ili kosa la leo lisiifikie nakala ya jana.

Ikiwa unatumia programu ya uhasibu, usinakili faili zake wakati imefunguliwa. Unaweza kupata nakala isiyofunguka. Tumia kitufe cha nakala kilichomo ndani ya programu hiyo, au panga kazi ifanyike baada ya muda wa kazi.

Diski ya nje iliyochomekwa saa zote ina udhaifu wake. Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia hufunga kila diski vinavyoifikia, ikiwemo hiyo ya nakala. Ziwepo diski mbili zinazopokezana: moja imechomekwa, nyingine imelala nyumbani kwa mwenye ofisi, Tegeta au Mbagala, mbali na moto, mafuriko na wezi wa ofisi ile. Wanaopeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni na wanatumia kifurushi cha usiku wanaweza kuratibu kazi ianze baada ya muda wa kifurushi kuanza, huku wakikumbuka yale yaliyosemwa juu kuhusu tarehe kugeuka saa 6 usiku.

Mwisho, kila mwezi rudisha faili mojawapo kutoka kwenye nakala na ulifungue. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu.

Kwenye safu ya Last Run Result naona 0x1. Je, kazi imeshindwa?

Inategemea ni programu gani iliyoendeshwa. Kwa kawaida 0x0 ni mafanikio, 0x1 ni kosa lisilofafanuliwa, 0x2 ni faili kutopatikana, 0x41301 ni kazi inayoendelea sasa hivi, na 0x41303 ni kazi ambayo haijawahi kufanyika. Robocopy ina hesabu yake: 0 inamaanisha hapakuwa na faili jipya la kunakili, 1 inamaanisha faili zimenakiliwa salama, na matatizo ya kweli huanzia 8. Mtu anaweza kuhangaika wiki nzima kutibu kazi nzima isiyo na ugonjwa wowote.

Kinyume chake pia hutokea: 0x0 inasomeka, lakini hakuna kilichofanyika. Task Scheduler inachojua ni kwamba programu ilianza na ikafunga kwa amani. Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni nafasi ya Start in, ambayo imeandikwa kuwa si ya lazima na hivyo huachwa tupu. Skripti, yaani faili la amri zinazofuatana, inayotafuta faili za jirani yake haitazikuta kama kompyuta imeianzishia kwenye folda jingine. Sababu ya pili ni herufi za diski za mtandao. Z: uliyoiona mchana ukiwa umeingia kwenye akaunti yako huenda haipo wakati kazi inafanyika bila mtu, kwa hiyo andika njia kamili inayoanza na mikwaju miwili ya nyuma (\\), jina la kompyuta na jina la folda. Ya tatu ni njia za faili zenye nafasi katikati ya maneno, ambazo lazima zifungwe kwa alama za kunukuu.

Kumbukumbu za kazi kwenye kichupo cha History mara nyingi zimezimwa. Ziwashe kwa kubofya Enable All Tasks History upande wa kulia. Zaidi ya hapo, itake kila kazi iandike faili dogo la kumbukumbu. Kwa robocopy sharti lake ni /LOG: likifuatiwa na jina la faili. Kazi inayofanyika kimyakimya miezi sita bila kuacha maandishi yoyote siiamini.

Kwa nini kazi yangu inafanyika pale tu ninapokuwa nimeingia kwenye akaunti yangu?

Kwa sababu ndivyo mpangilio wa kawaida ulivyo. Ukichagua "Run whether user is logged on or not", itafanyika hata kama hakuna aliyeingia, lakini madirisha yake hayataonekana kwenye skrini, kwa hiyo chaguo hilo halifai kwa kitu kinachotakiwa kuonwa na mtu. Windows pia itahifadhi nenosiri lako kwa ajili ya kazi hiyo. Siku utakapolibadilisha, kazi itaanza kushindwa hadi uingize jipya.

Na vikumbusho niviweke kwenye programu gani?

Viweke kwenye kalenda inayofika hadi kwenye simu. Kikumbusho kilichomo kwenye kompyuta peke yake hutokea pale tu kompyuta inapokuwa imewaka, na mhusika anaweza kuwa yuko kwenye mwendokasi akielekea Kimara. Google Calendar, Outlook na Microsoft To Do zote hufanya kazi hiyo bila gharama ya ziada kwa matumizi ya kawaida.

Zamani Task Scheduler iliweza kuonyesha ujumbe na kutuma barua pepe moja kwa moja, lakini tangu Windows 8 vitendo hivyo viwili vimeachwa na havitegemewi tena. Matoleo ya Pro ya Windows yana amri iitwayo msg inayoweza kutokeza ujumbe kwenye skrini, ambayo haimo kwenye matoleo ya Home. Hutosha kwa jambo dogo, kama kumkumbusha keshia atoe ripoti ya Z (muhtasari wa mauzo ya siku) kwenye mashine ya risiti ya EFD kabla ya kufunga siku.

Nipangeje vikumbusho vya kodi?

PAYE (kodi ya mishahara) pamoja na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), kwa waajiri wanaohusika nayo, hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na ritani ya VAT huwasilishwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kosa la kawaida ni kuweka kikumbusho siku yenyewe. Kwa PAYE kuna mitego miwili ya wazi katika kalenda yetu: tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume na tarehe 7 Julai ni Saba Saba. Anayekumbushwa asubuhi ya siku hizo atakuta benki zimefungwa na mhasibu wake hayupo, au yuko kwenye viwanja vya maonesho Barabara ya Kilwa.

Weka vikumbusho viwili kwa kila jukumu. Cha kwanza kiwe cha kukusanya nyaraka, tarehe 1 kwa PAYE na tarehe 12 au 13 kwa VAT. Cha pili kiwe cha kulipa, siku mbili au tatu za kazi kabla ya mwisho. Katika maandishi ya kikumbusho andika nani anafanya, kwenye mfumo gani, na nyaraka ziko folda gani. Kikumbusho kinachosema "kodi" tu kitamkuta msaidizi aliyeachiwa ofisi hajui aanzie wapi. Tarehe hizi zihakikiwe kila Julai, baada ya Sheria ya Fedha ya mwaka mpya kuanza kutumika.

Idd na Ramadhani naziwekaje?

Usiziweke kama tukio linalojirudia kila mwaka kwa tarehe ileile. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko kalenda ya kompyuta, na siku yenyewe huthibitishwa kwa kuonekana kwa mwezi. Weka tukio la makadirio linalochukua siku mbili, na kila mwaka lirekebishe. Ofisi zinazobadilisha saa za kufunga wakati wa mfungo zisisahau kuzisogeza na kazi za kuzima kompyuta.

Nilipanga kazi ya tarehe 31 na miezi mingine imerukwa.

Mwezi usio na tarehe 31 hauna zamu hiyo. Katika orodha ya siku za mwezi shuka hadi chini kabisa uchague Last, yaani siku ya mwisho, iwe 28 au 31.

Je, mambo haya yakoje kwenye Linux na Mac?

Linux ina cron, ambayo asili yake ni mifumo ya Unix ya miaka ya 1970. Unaandika crontab -e, kisha mstari wenye sehemu tano, kwa mpangilio wa dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki, na baada yake amri. Mstari unaoanza na 30 17 * * 1-5 utafanya kazi saa 11 na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumapili ni 0 au 7. Ukijaza tarehe na siku ya wiki kwa pamoja, cron itaianzisha kazi mojawapo inapotimia, haingoji zote mbili zikutane. Cron pia huruka zamu iliyokosekana, kwa hiyo kwa mashine isiyowaka saa zote tumia anacron, au vipima muda vya systemd vyenye Persistent=true.

Mac inatumia launchd tangu mwaka 2005. Kazi iliyopangwa kwa tarehe na saa, ikikuta Mac imelala, hufanyika inapoamka; ikikuta imezimwa, hurukwa.

Naweza kuiachia kompyuta iwakumbushe wateja madeni yao?

Inawezekana kiufundi, na wapo wanaofanya hivyo kwa SMS za pamoja. Ushauri wangu ni kompyuta iandae orodha kila asubuhi na mtu aipitie kabla ya kutuma. Mteja aliyelipa jana usiku na asubuhi akadaiwa na mashine hatarudi, na ukieleza kwamba ni mfumo hatakuelewa. Aidha, namba za simu na madeni ya watu ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo ujumbe wenye jina na deni la mtu usitokezwe kwenye skrini ya kaunta inayosomwa na kila anayepanga foleni. Malipo yenyewe, ya benki au ya simu, yasiratibiwe kwa skripti za kuokoteza hata kidogo.

Naona kazi nyingi ambazo sikuziweka. Nizifute?

Zile zilizo ndani ya folda la Microsoft ziache. Nyingi ni za matengenezo ya mfumo. Yenye jina la ajabu, inayoanzisha faili lililoko kwenye folda la muda, na iliyozaliwa karibu na siku ambayo mtu alichomeka flashi asiyoijua ilikotoka, hiyo ina haki ya kutiliwa shaka, maana virusi hupenda kujificha humo ili vijiwashe upya kila siku. Iweke kwenye Disable kwanza, kisha endesha kinga ya virusi. Usiweke tiki ya "Run with highest privileges" kwa kazi isiyohitaji mamlaka hayo, na usiandike nenosiri waziwazi ndani ya skripti.

Tunabadilisha kompyuta, na karani aliyeziweka ratiba ameacha kazi. Tunazihamishaje?

Swali hili limekuwa la kawaida tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma zake tarehe 14 Oktoba 2025 na ofisi nyingi kulazimika kuhamia mashine mpya. Bofya kila kazi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Export, nayo itahifadhiwa kama faili la XML. Kwenye kompyuta mpya chagua Import Task. Faili hilo hubeba saa, masharti na jina la akaunti ya zamani, lakini halibebi nenosiri. Kabla ya kufuta akaunti ya karani aliyeondoka, pitia safu ya mwandishi na akaunti ya kila kazi, kwa kuwa zilizosajiliwa kwa jina lake zitakoma siku hiyohiyo. Zisajili upya kwa akaunti ya ofisi isiyo ya mtu mmoja, kisha hakikisha njia za faili zinalingana na mashine mpya: D: ya zamani inaweza kuwa E: ya sasa.